Kupotezana na rafiki wa mtandaoni au wa ana kwa ana: yupi umtafute kwanza?

Ukiwa na jioni moja ya mapumziko na bando la kutosha, umtafute nani: yule mliyelala kitanda kimoja cha deka bwenini, yeye juu wewe chini, au yule mliyechati naye hadi usiku wa manane kwa miaka na hamjawahi kuonana hata mara moja? Wengi hujibu upesi kwamba wa kwanza ndiye rafiki, wa pili ni "wa mtandaoni tu". Jibu hilo linapima uzito wa urafiki, na kwa swali hili kipimo hicho hakisaidii sana. Wote wawili wanaweza kuwa watu wako wa karibu. Wanachotofautiana ni namna wanavyopotea na urahisi wa kuwapata tena, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalopaswa kukuamulia. Nasema mapema: mimi ningeanza na wa mtandaoni, hata kama ninampenda zaidi wa bwenini.

Kwanza tuelewane nani ni nani. Rafiki wa mtandaoni ninayemsema hapa si yule mliyesoma naye Tabora ambaye siku hizi mnaongea WhatsApp. Ni yule mliyejuana huko huko: jukwaani, kwenye kundi la Facebook la wafugaji wa kuku, kwenye mchezo wa simu, kwenye mabishano ya mpira chini ya habari ya Simba na Yanga. Rafiki wa ana kwa ana ni yule mliyejuana mkiwa mahali pamoja: shuleni, kambi ya JKT, kazini, barazani, kwaya, madrasa. Haijalishi leo mnawasiliana kwa njia gani. Kinachohesabika ni mlikoanzia.

Wanavyopotea

Wa ana kwa ana hupotea polepole, na mara nyingi sababu unaijua. TAMISEMI inatangaza waliochaguliwa kidato cha tano, na mliyekaa naye dawati moja Mwanza anapangiwa Songea. Baadaye kuna chuo, kuna kituo cha kwanza cha kazi, kuna ndoa na watoto. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Simu za kila wiki zinakuwa za kila mwezi, kisha za sikukuu, kisha inabaki ile picha ya "Idd Mubarak" yenye mwezi na mnara, iliyotumwa kwa watu mia kwa mpigo mmoja.

Mwanaanthropolojia Robin Dunbar wa Uingereza anajulikana kwa hoja yake kwamba binadamu anamudu mahusiano kama 150 hivi, na ndani ya hao ni wapatao 15 walio karibu na 5 tu walio moyoni kabisa. Hoja hiyo ina wapinzani wake. Kazi yake nyingine inanivutia zaidi: yeye na Sam Roberts waliwafuatilia kwa miezi 18 wanafunzi wa Uingereza waliokuwa wakimaliza sekondari na kutawanyika. Undugu ulistahimili ukimya, urafiki haukustahimili. Wasichana waliokoa urafiki wao zaidi kwa kuongea, wavulana kwa kufanya mambo pamoja, na kwa hao wavulana maongezi matupu ya simu hayakusaidia kitu kikubwa. Atakayetilia shaka matokeo hayo aende kwenye kijiwe chochote cha kahawa na bao. Wazee wale hawapigiani simu. Wanaonana kila jioni miaka ishirini, na siku kijiwe kikibomolewa kupisha barabara, nusu yao hawaonani tena, kwa sababu hakuna kati yao mwenye mazoea ya kumpigia mwenzake na kusema "nilitaka tuongee tu".

Kuna kupotezana kwa aina nyingine ambako hata wahusika hawakuoni. Tangu WhatsApp ilipoleta stetasi mwaka 2017, unaweza kumpoteza mtu huku unamwangalia. Unajua amejifungua, maana uliona picha ya vidole vidogo. Unajua amehamia Dodoma, maana uliona amepigwa picha mbele ya geti. Yeye aliweka alama ya moyo siku mama yako alipotoka hospitali. Sauti yake hujaisikia tangu kabla ya korona. Ukiulizwa utasema huyu ni mtu wangu kabisa, naye atasema hivyo hivyo, ila mwenye habari mpya ya kumwambia mwenzake hayupo, kwa sababu kila kitu kimeshaonekana.

Wa mtandaoni hana mteremko huo wa taratibu. Jana mlikuwa mnabishana kuhusu usajili wa dirisha dogo, leo hayupo. Na sababu, ukiwa upande wako wa simu, zote zinafanana.

Pengine jukwaa lenyewe limekufa. Yahoo Messenger ilizimwa tarehe 17 Julai 2018. Google+ ikafuata Aprili 2019, na mwezi uliofuata BBM (BlackBerry Messenger) ya watumiaji wa kawaida, iliyowafanya vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wapeane namba za PIN kana kwamba ni namba za nyumba. Kampuni zilitoa tangazo wiki au miezi kadhaa kabla, na baadhi zikatoa njia ya kupakua mazungumzo yako. Mazungumzo yalipakuliwa, watu hawakupakuliwa. Aliyekuwa na rafiki wa PIN tu, bila namba ya simu, aliamka tarehe 1 Juni 2019 na jina ambalo haliongozi popote.

Pengine amezuiwa kuingia. Januari 2008, wakati Kenya inawaka baada ya uchaguzi, jukwaa la Mashada lililokuwa baraza la Wakenya wa ndani na wa ughaibuni lilizimwa na mwenyewe David Kobia, kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamelishinda. Uamuzi ule ulieleweka, lakini pamoja na matusi ziliondoka pia salamu za watu waliokuwa wakijuliana hali kila siku. Juni 2018 ikawa zamu ya JamiiForums kujifunga kwa muda, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka majukwaa yasajiliwe. Kongo intaneti ilikatwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 ikakaa karibu wiki tatu. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, na wanaoitumia wamekuwa wakipitia VPN. Tanzania ikaufunga mtandao wa X Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, siku ya uchaguzi, intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo rafiki wa mtaa wa pili unamfuata kwa miguu, au unampigia simu ya kawaida. Rafiki wa jukwaani hana mtaa.

Au amepoteza laini. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120 hivi. Mitandao ya simu nayo huichukua namba iliyolala na kumuuzia mteja mwingine. Zoezi la usajili wa laini kwa alama za vidole lilipofikia kikomo Tanzania tarehe 20 Januari 2020 na ambazo hazijasajiliwa zikaanza kufungwa, watu wengi walikuwa hawana kitambulisho cha NIDA wala namba yake. Wale waliorudi hewani kwa namba mpya waliwaarifu ndugu, mwajiri na mwenye nyumba. Mtu wa kwenye kundi la washairi alikuja nafasi ya ishirini katika orodha hiyo, kama alikumbukwa.

Au amekuchoka tu. Au amefariki. Hujui ni lipi, na huna wa kumuuliza. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote: ukimya wa rafiki wa bwenini una maelezo yanayopatikana kwa kuuliza, na ukimya wa rafiki wa mtandaoni hauna mlango wa kubisha.

Kinachobaki mkononi

Fikiria njia ulizonazo za kumpata mtu mliyesoma naye. Kuna shule. Kuna kundi la WhatsApp la waliomaliza mwaka wenu, lenye watu 180 na wasemaji sita. Kuna kwao, hata kama unakumbuka kijiji tu na jina la baba. Kuna kanisa alilosali, au shangazi aliyekuwa akija siku ya kutembelea na madumu ya togwa. Njia tatu zikiziba, ya nne ipo. Wahenga waliosema milima haikutani bali binadamu hukutana walikuwa wanasema habari za watu wa namna hii, wanaopita stendi moja na kuzikana makaburi mamoja.

Na kwetu kuna mtambo wa kuwatafuta waliopotea ambao hakuna kampuni iliyoubuni: harusi na msiba. Kamati ikiundwa, kundi la michango linafunguliwa, na kila mwanakamati anaombwa alete majina. Ghafla unaongezwa kwenye "Send-off ya Dada Yetu" na pale ndani wapo watu uliodhani wameshahama nchi. Ni kweli kwamba wengi hujitoa usiku huo huo. Ni kweli pia kwamba kuna ubaya wa kusalimiwa baada ya miaka minane na ujumbe ambao aya yake ya pili ina namba ya kulipia. Lakini mtambo unafanya kazi. Mtu ambaye usingempata kwa kumtafuta, anakujia yeye mwenyewe na kadi.

Wa mtandaoni anaacha kitu cha aina nyingine: maneno yenyewe. Ukiingia kwenye mazungumzo yenu ya zamani unakuta kila sentensi, na saa iliyoandikwa. Mlichocheka kipo. Ushauri aliokupa ulipotaka kuacha kazi upo, na ukiusoma leo unaona alikuwa na akili kuliko ulivyomdhania. Rafiki wa bwenini hakuachii hata mstari mmoja. Umebaki na kumbukumbu, nazo kila mmoja anazikumbuka kwa namna inayompendeza. Hapa wa mtandaoni anashinda waziwazi. Tatizo ni kwamba maneno hayo yote hayana anwani.

Na hili la kuwa na rafiki usiyemwona halikuanza na intaneti. Waliokulia enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam wanawakumbuka wana-salamu: watu wa Kigoma waliowasalimu watu wa Tanga kwa kadi zilizosomwa redioni, wakajuana kwa majina ya kujibandika kabla hawajajuana kwa sura. Kulikuwa na marafiki wa kalamu pia, majina yao yakichapwa magazetini pamoja na umri, vitu wanavyopenda na S.L.P. Sasa tazama ile S.L.P. Mara nyingi ilikuwa ya shule, ya misheni, ya ofisi ya mjomba. Barua ikifika pale baada ya miaka kumi, huenda kuna mtu anayejua yule kijana alikwenda wapi, akaandika anwani mpya juu ya bahasha na kuirudisha posta. Rafiki wa kalamu hakuonekana, lakini nyuma yake palikuwa na watu. Jina la kujibandika la jukwaani halina watu nyuma yake, na mara nyingi hilo ndilo lililokuwa lengo la kulibandika.

Mkipatana tena

Tuseme umempata. Hapa mizani inageuka, na sioni watu wakilisema hili vya kutosha: rafiki wa ana kwa ana ni rahisi kumpata na mgumu kumrudia.

Mnakutana hotelini au kwenye mghahawa. "Umenenepa!" "Na wewe umeota mvi!" Mnacheka. Mnamkumbuka mwalimu wa zamu aliyekuwa akivizia wanaochelewa mstarini, na yule aliyetoroka kupitia choo cha nyuma. Baada ya saa moja hadithi zimekwisha, na kati yenu amekaa mgeni wa tatu, yaani maisha mliyoishi bila kuonana. Mmoja amekuja na gari, mwingine anaangalia saa kwa sababu daladala za njia yake huisha mapema. Mmoja anataka kulipa, mwingine anataka isionekane kwamba alikuwa anasubiri mwenzake alipe. Urafiki ule ulisimama juu ya usawa wa sare moja na ugali mmoja wa maharage, na usawa huo haupo tena. Unaweza kujengwa mwingine, ila unajengwa upya, na si wote wenye nia hiyo.

Faida yake ni akiba. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja kwa mtu mnayefahamiana kuwa rafiki wa kawaida, saa 90 hivi kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Shule ya bweni inamaliza saa 200 kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Ndiyo maana watu waliosoma bweni, hata wakikutana wamezeeka, huitana kwa majina ya utani ambayo wake zao na waume zao hawajapata kuyasikia. Msingi upo, kilichobomoka ni kuta.

Rafiki wa mtandaoni akirudi, akifanikiwa kurudi, mara nyingi mnaendelea pale pale. Hakuna unene wa kushangaa. Hakuna gari. Mlikuwa na jambo, tuseme mashairi, au ufugaji wa nyuki, au kumlea mtoto mwenye selimundu, na jambo hilo lipo bado. "Yule malkia uliyemgawa alikubali mzinga?" Na mazungumzo yanaondoka. Kasoro ni kwamba jambo likifa kwa mmoja wenu, urafiki hauna mguu wa pili. Ukiacha kufuga nyuki, utamwambia nini? Wapo waliovuka kikwazo hicho na kuwa marafiki wa kila kitu, lakini hao walikuwa wameshaanza kuambiana habari za nyumbani siku nyingi kabla ya kupotezana.

Kwa wanaofikiria faida za kidunia, zote mbili zina malipo. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliwauliza wanaume wa Newton karibu na Boston waliopata kazi kupitia watu: wachache walisaidiwa na mtu waliyeonana naye mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisaidiwa na waliyeonana naye kwa nadra kiasi, na zaidi ya robo na waliyekuwa hawaonani kabisa, au mara moja kwa mwaka. Aliyachapisha hayo mwaka 1973. Mtu wa karibu anajua unachokijua tayari. Kwa hoja hiyo, waliopotea ni hazina, wawe wa bwenini au wa jukwaani. Hata hivyo ukimtafuta mtu kwa ajili ya kazi, mwambie hivyo katika sentensi ya pili, usimzungushe.

Habari za msiba

Katika sehemu hii nitakawia kidogo, maana ndiyo iliyonifanya nichague upande.

Rafiki wa ana kwa ana akifariki, utaambiwa. Huenda ukachelewa, huenda ukaambiwa wakati arobaini imeshapita, lakini kuna mtu atakayesema "hivi ulisikia habari za fulani?" Zamani redio ilisoma matangazo ya vifo na orodha ndefu ya waliopaswa kupata taarifa popote walipo. Leo kundi la shule linabadilisha picha na kuweka mshumaa. Na ukishajua, unajua cha kufanya. Kuna mkeka wa kukalia, kuna rambirambi ya kutuma, kuna hitima au misa, kuna daftari linaloandika jina lako na kiasi ulichotoa. Hata kama mlikuwa hamjaongea miaka kumi, ukisema "tulisoma pamoja" unasogezewa kiti. Neno hilo linatosha.

Rafiki wa mtandaoni akifariki, ndugu zake hawajui kwamba upo. Simu yake ina neno la siri ambalo marehemu hakumwachia mtu. Jina alilotumia jukwaani hata mke wake pengine halijui. Kwenye majukwaa yanayotumia majina ya kubuni, jina linanyamaza, miezi inapita, mtu anauliza "huyu bwana yuko wapi siku hizi?", wachache wanajibu kwamba hata wao wanashangaa, kisha mada inazama. Mara chache sana anatokea mmoja aliyemfahamu nje ya jukwaa na kuandika kwamba mwenzetu alishazikwa tangu mwaka jana. Facebook tangu 2015 imempa mtumiaji nafasi ya kumteua mtu wa kuisimamia akaunti yake akifariki, lakini lazima awe ameteua akiwa hai, na wangapi wamefanya hivyo? Sisi hata wosia wa shamba tunaogopa kuuandika.

Na hata ukijua, huendi. Utawaambia wafiwa ulijuana naye vipi? Kwa mwanamke aliyekuwa na rafiki wa kiume wa mtandaoni, au mwanamume mwenye rafiki wa kike, swali hilo lina miiba ambayo haihusiani na ukweli wa mambo. Kwa hiyo watu wanaomboleza wakiwa jikoni, wanafuta macho mtoto akiingia. Siwezi kusema huzuni hiyo ni ndogo kuliko ile ya mkekani, ninachokiona ni kwamba ile ya mkekani ina watu wa kuipokea.

Basi yupi?

Anza na wa mtandaoni, leo, akiwa bado anapatikana. Kazi yake ni ndogo na haina machozi: mwongezee njia ya pili. Kama mna jukwaa tu, peaneni barua pepe. Kama mna namba tu, peaneni akaunti ya mahali pengine. Kama mmeaminiana miaka, kila mmoja amtaje mtu mmoja wa kwao, ndugu au rafiki, anayeweza kuulizwa siku ya ukimya, na amwambie mtu huyo kwamba yupo fulani wa Mombasa au wa Bukavu au wa Muscat anayestahili kupewa taarifa. Njia mbili zisizomtegemea mmiliki mmoja zinatosha. Barua pepe na namba ya laini ni njia mbili. Facebook, WhatsApp na Instagram ni njia moja, maana zote ni za Meta.

Usimlazimishe. Watu hutumia majina ya kubuni kwa sababu: siasa, ugonjwa, ndoa mbaya, kazi serikalini. Wanawake hasa wana sababu nzuri za kutompa namba kila anayeomba. Akikataa, mpe zako umwachie uamuzi, na msirudie mazungumzo hayo. Na kama mmejuana juzi juzi tu na tayari anataka kujua unakaa mtaa gani, huyo si rafiki wa kumuongezea njia.

Wa ana kwa ana anaweza kusubiri wiki, hata mwezi, kwa sababu njia zake hazizimwi na mtu mmoja. Lakini usimsalimie kwa "Mambo" peke yake halafu ukae kimya. Kila mwenye simu Tanzania ameshatumiwa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na wengi wameshaombwa fedha na akaunti iliyodukuliwa yenye picha ya rafiki yao. "Mambo" kutoka kwa mtu wa zamani siku hizi inasomeka kama utangulizi wa mkopo. Andika jambo ambalo tapeli hawezi kulijua, na uondoe hofu ya kuombwa: "Habari za siku nyingi. Ni mimi wa deka ya chini, uliyekuwa unanifichia sukari chini ya godoro. Sina shida yoyote, nimekukumbuka tu." Kisha piga simu kabla siku haijaisha. Mkipanga kuonana, pangeni kitu cha kufanya: mechi, safari ya kwenda kumsalimia mwalimu wenu mstaafu, hata kumsindikiza kununua mabati. Kukaa mkitazamana kunawachosha watu waliopotezana.

Kama unasita, hauko peke yako. Utafiti wa Lara Aknin na Gillian Sandstrom uliochapishwa 2024 uliwapa watu muda wa kumwandikia rafiki wa zamani ambaye walisema wangependa kumsikia na wana njia ya kumfikia. Ni takribani theluthi moja tu waliotuma. Miaka miwili kabla yake, Peggy Liu na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba anayetafutwa hufurahi kuliko anavyodhani anayemtafuta, na hasa pale anapokuwa hakutarajia.

Wapo wa kuwaacha. Aliyejitoa kwenye kila kundi mlilokuwamo wote alikuwa anasema jambo. Aliyekuzuia pia. Mwenye deni lako atafutwe kama mdeni, asifichwe ndani ya "nimekukumbuka". Mpenzi wa zamani mwenye ndoa yake ana watu wa kumkumbuka. Tiki za bluu mbili na siku kumi za ukimya ni jibu kwa wa mtandaoni. Kwa wa bwenini jaribu mara nyingine kupitia mtu wa kati, kwa sababu huenda simu anaishika mtoto.

Na ukipiga namba ya zamani ikapokelewa na sauti usiyoijua, taja jina la unayemtafuta mara moja, omba radhi, kata. Usimhoji laini ameipata wapi. Aliinunua dukani kama wewe ulivyonunua yako.